Samaki, Mwambieni Baba

Saa kumi na mbili jioni Elina aligonga kioo cha tangi la samaki mara mbili kwa kijiko cha chai, kama alivyogonga kila siku, ili baba mkwe wake ajue amefika. Mzee Andongwisye alikuwa upande wa pili, kwenye kiti chake cha sebuleni, blanketi magotini, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, na Tukuyu mvua ikinyesha baridi inaingia mpaka kwenye vikombe. Alikuwa kipofu mwaka wa tatu sasa. Akageuza sikio kwenye kioo.

"Samaki," akasema, "muulizeni Mama Shukrani, migomba ya Suma inaendeleaje?"

Elina akainama kidogo mbele ya samaki wanne wa rangi ya chungwa.

"Samaki, mwambieni baba migomba haijambo. Ile ya bondeni imebeba."

"Mwambieni ndaga," akasema mzee, yaani asante, na Elina akarudi jikoni kugeuza maharage.

Waliongea hivyo kwa sababu kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wakikutana njiani, mkamwana anaingia kwenye majani mpaka mzee apite. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawaongei uso kwa uso. Wenyewe wanaita ukutila, na ni heshima. Vijana wengi wa mjini wameshaiacha, lakini mzee alikuwa mtu wa zamani, na Elina alilelewa vizuri. Mke wa mzee alipofariki, naye akabaki peke yake kijijini Suma na macho yake yenye mtoto wa jicho, wazee wa ukoo walikaa kikao wakaona kwamba kinachovunja heshima ni macho, na ya mzee yameshafungwa. Kwa hiyo anaweza kuishi nyumba moja na mkamwana wake bila kosa. Kuhusu maneno, kawaida anatumwa mtoto kuyapeleka, lakini Shukrani, binti yao pekee, alikuwa shule ya bweni. Basi maneno yakapita kwa samaki. Samaki waliyafikisha vizuri, hawakuongeza wala kupunguza.

Tatizo ni kwamba Suma hapakuwa na migomba.

Ilikatwa yote mwaka jana mwezi wa nne. Nyumba ya mzee ikabomolewa, na bwana mmoja wa parachichi akazungushia waya na kupanda miche yake. Lwitiko, mume wa Elina, ndiye aliyemwachia shamba, na yeye akapewa gari, Noah nyeupe ya kubeba abiria wa Mbeya. Mzee aliweka dole gumba kwenye karatasi mwenyewe. Aliambiwa ni ya bima ya afya. Elina ndiye aliyetumwa dukani kununua kidau cha wino, na alipojua wino ulikuwa wa nini, ulikuwa umeshakauka.

"Baba akiuliza, migomba ipo," Lwitiko alimwambia. "Ukijifanya msema kweli, utarudi kwenu Isongole."

Kwa hiyo kila jioni Elina alidanganya mbele ya samaki, na kila jioni chakula kilimshinda. Jumapili kwenye kwaya, wakifika kwenye maneno ya ukweli na moyo safi, alikuwa anachezesha midomo tu, sauti hatoi. Mwalimu wa kwaya alidhani ana mafua ya kudumu.

Tangi lenyewe Lwitiko alilinunua kwenye lodji moja ya Mbeya iliyokuwa inafungwa. Alisema mtu mwenye gari hawezi kuwa na sebule tupu. Akaliweka juu ya ule ukuta mfupi unaotenganisha sebule na meza ya kulia. Kwa kuwa dirisha liko karibu, miezi miwili haikuisha kioo kikawa kijani. Elina akiwa mezani alimwona mzee kama kivuli cha kijani kinachokunywa chai, na hilo halikumsumbua mtu.

Konokono walikuja na majani ya kupamba tangi. Mwanzoni walikuwa wawili, kila mmoja kama punje ya choroko. Wakawa kumi, wakawa hawahesabiki. Sababu yao ilikuwa mzee. Kila alipoongea na samaki aliwadondoshea kitu: tonge la ugali, kipande cha chapati, wali. Alisema hawa ni watumishi, na mtumishi asiyekula anasahau ujumbe. Samaki walikula walichoweza, kilichobaki kikazama chini, na konokono wakala na kuzaana.

Lwitiko aliwachukia. Alisema ni uchafu, wanakula majani aliyoyatoa Mbeya, na wataleta kichocho ndani ya nyumba. Jioni moja aliyasema hayo mbele ya Prisca, jirani yao, nesi mstaafu ambaye alikuwa amekuja kuomba chumvi.

"Kichocho hakianzi kwa konokono, Baba Shukrani," Prisca akasema. "Kinaanza kwa mgonjwa akikojoa majini. Sasa hapa kwenu ni nani anayekojoa kwenye tangi?"

Lwitiko akaenda kuangalia matairi. Prisca akamweleza Elina vizuri kwamba konokono wa namna hii wanakula kilichooza na kilichokufa, jani zima hawaligusi. Wakizidi sana watachafua maji, ni kweli, lakini wakizidi maana yake chakula kinazidi, na hapo wa kulaumiwa ni anayelisha. Elina hakuweza kumlaumu anayelisha. Akawaacha.

Wiki moja baadaye kioo kilikuwa cheupe. Konokono walianza kula ukijani upande wa Elina, wakapanda na kushuka kama mtu anayepiga deki, wakaenda upande wa mzee. Elina alipoketi mezani kuchambua mchele alimwona baba mkwe wake vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kovu dogo kidevuni, na akitafuna anakunja pua, sawasawa na Shukrani. Elina akainamisha macho kwenye ungo. Kile kikao cha wazee kilikuwa kimejadili macho ya mzee. Macho yake yeye hakuna aliyeyataja.

Siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, mzee alilala kitini, shavu ameliegemeza kwenye kioo kwa sababu taa ya tangi inakipasha moto. Konokono mmoja akapanda mpaka ukingoni, akavuka, akashuka kwenye paji la uso la mzee, akafika kwenye jicho la kulia ambalo hata akilala halifungi lote. Akaanzia kwenye kona ya jicho, kama kawaida yake. Akaenda mpaka mwisho, akageuka, akarudi.

Elina alikuwa anamenya ndizi. Aliona yote. Lakini mkamwana haugusi uso wa baba mkwe, hata kwa mwiko, hata kwa fagio. Akagonga kioo.

"Samaki, mwambieni baba kuna konokono jichoni kwake."

"Mwambieni namsikia," mzee akasema bila kutikisika. "Amwache. Ni wa baridi, ananituliza."

Jicho la kulia lilichukua siku tatu. La kushoto lilichukua mbili, kwa sababu alikuja na mwenzake. Kila jioni kabla ya chai walirudi majini wenyewe.

Siku ya Jumatatu asubuhi mzee alitazama dirishani, akasema matone ya mvua ya siku hizi ni membamba kuliko ya zamani. Kisha akageukia tangi, akaona mkono wa mtu upande wa pili, una bangili ya shaba na umeshika kikombe. Mara moja akageuza uso ukutani.

"Samaki, mwambieni Mama Shukrani asogee pembeni. Ninaona."

Elina akasogea. Akasimama nyuma ya friji na kikombe chake mpaka chai ikapoa.

Prisca akaitwa. Akaja na tochi, akammulika mzee jicho hili na lile, akasema yamesafishika, ayaoshe tu kwa maji yaliyochemshwa. Mtoto wa jicho ni kitu kilichokufa, alisema, na hicho ndicho chakula cha hawa konokono. Akafungua daftari lake, akalikata jina la mzee kwenye orodha ya wanaosubiri madaktari wa macho, akaomba konokono watatu wa kumpelekea mama yake huko Nkunga. Elina akamtilia kwenye kopo.

Kabla ya chakula cha mchana mzee akatuma ujumbe akiwa bado anatazama ukuta. Alisema mtu anayeona hawezi kukaa nyumba moja na mkamwana wake, hilo halina mjadala. Kesho asubuhi atatafuta bodaboda arudi Suma, kwenye nyumba yake na migomba yake. Anaomba tu afungiwe mbalaga kidogo, ndizi zilizopikwa, ale akifika.

Elina akatoka nje, akasimama chini ya bati la jikoni, akampigia mume wake simu. Lwitiko alikuwa stendi Mbeya. Zikasikika sauti za wapiga debe wakiitana. Kisha akasema amwambie mzee kwamba mvua imekata barabara ya Suma na daraja limeondoka. Na konokono awamwagie chumvi, wote, leo leo.

"Na baba akijua," akamalizia, "nitajua amejulia kwako. Begi lako unajua lilipo."

Elina alijua lilipo. Lilikuwa juu ya kabati, na ndani yake zilikuwa zimewekwa nguo za Shukrani zilizombana. Mchana wote alijifunza lile neno daraja. Alilisema akiosha vyombo, akalisema akianua nguo ambazo hazijakauka. Alipolisema jikoni peke yake lilitoka vizuri.

Saa kumi na mbili akachukua kijiko cha chai. Ilibidi asimame kando ya friji na kunyoosha mkono ndipo akifikie kioo bila kuonekana. Mzee alikuwa amekaa uso ukutani, mgongo kwa tangi. Akagonga mara mbili. Mzee akakohoa kidogo kuonyesha yuko tayari. Siku hiyo hakuuliza habari ya migomba.

"Samaki," Elina akasema, "mwambieni baba kwamba daraja la Suma..."

Samaki wakasubiri, wakifungua na kufumba midomo. Mashine ya hewa ikaendelea kutoa mapovu.

"Daraja lipo," akasema. "Migomba ndiyo haipo. Ilikatwa mwaka jana. Na nyumba haipo. Mwambieni baba ile karatasi haikuwa ya bima, na wino wake nilinunua mimi."

Mzee hakugeuka. Akavuta blanketi likafunika miguu.

"Samaki, mwambieni ninajua," akasema. "Ninajua tangu mwaka jana mwezi wa saba. Mama Shukrani alisema wamepandishia udongo kwenye mashina, halafu wakapiga dawa ya ukungu. Mgomba hatuupandishii udongo namna hiyo. Nikasema huyu hajafika Suma, huyu ananieleza viazi vya kwao."

Elina alikuwa amesahau kama alisema hivyo. Isongole wanalima viazi, mgomba kule haupendi baridi, na siku uongo ulipomwishia alichukua alichokuwa nacho.

"Samaki, muulizeni baba, kama alijua, mbona kila jioni aliendelea kuniuliza?"

Mzee akafikiri.

"Sasa nisipouliza migomba ningeuliza nini? Mtu na mkamwana wake wana maongezi gani mengine?"

"Na asubuhi baba anasema anarudi Suma."

"Mwanaume akihama lazima ataje anakokwenda. Mimi sina pengine pa kutaja."

Elina akakaa chini, palepale kwenye saruji kando ya friji. Alijisikia kama mtu aliyeshushiwa mkungu sokoni baada ya kuubeba kichwani tangu asubuhi, shingo bado haiamini, inaelea yenyewe. Alilia kidogo, kisha akasikia njaa. Ilikuwa njaa ya mwaka mzima. Maharage yalinukia.

Mzee aliongeza jambo moja. Lwitiko asiambiwe.

"Akijua kwamba najua, atalia," akasema. "Ataniomba msamaha mbele ya mchungaji, nami nitamsamehe, na shamba litabaki la parachichi vilevile. Halafu atamfukuza Mama Shukrani, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kujifukuza. Mwambieni akale."

Lwitiko alirudi saa mbili na paketi nne za chumvi. Alimkuta baba yake amelala na mke wake anaosha sufuria huku anaimba, sauti yote ya kwanza, mpaka zile noti za juu. Akauliza kwa woga kama mzee ameuliza lolote. Elina akamjibu kwamba safari ya Suma imeahirishwa, mzee ametaka ukoo uitwe kwanza uzungumzie macho. Macho tu, akasema. Lwitiko akashusha pumzi, akakaa, akasema ile chumvi itafaa kwa matumizi ya nyumbani.

Wazee wanne walikuja Jumapili baada ya ibada, wakiongozwa na Mzee Ambindwile, mdogo wake Mzee Andongwisye. Walikaa sebuleni wakatazama tangi kwa muda. Elina na Prisca walikuwa jikoni, mlango umerudishwa lakini haukufungwa. Mzee mmoja alisema mwenzao avae miwani nyeusi akiwa ndani. Ambindwile akauliza kama atakuwa anaoga nayo. Mwingine akashauri afungwe kitambaa, akaambiwa huyu ni mtu, si kuku wa kupelekwa mnadani.

Wakaingia kwenye konokono wenyewe, kama wana faida au hasara, na hapo wakabishana saa nzima. Mmoja alisema ni hasara tupu: nyumba ilikuwa na utaratibu mzuri, watu wanaheshimiana, wamekuja hawa wadudu wameuharibu. Mwingine akasema hasara gani wakati ndugu yao ameweza kuwatambua wote mlangoni, na amewaambia wazi kwamba wamezeeka vibaya. Lwitiko akasema yeye kama mwenye nyumba anaona wauawe. Hakuulizwa sababu.

"Konokono kafanya kazi yake," Ambindwile akasema mwishoni. "Tuliochemka ni sisi. Heshima ya nyumba nzima tukaiegemeza kwenye mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho ni kitu laini."

Wakaamua hivi. Konokono watolewe, wasiuawe, nesi awachukue. Kioo kiachwe kiote kijani tena, na kwa sasa kitundikwe kitenge. Elina atumie mlango wa nyuma, mzee wa mbele. Kikao kikaulizwa kama kuna neno lingine. Lwitiko akatazama viatu vyake. Mzee Andongwisye akasema kwa upande wake hakuna. Suma haikutajwa, kwa kuwa siku hiyo hawakuwa wameitiwa Suma.

Kabla ya kula walitoka kuangalia gari. Mvua ilikuwa imekatika, na mlima Rungwe ulionekana mpaka kileleni. Mzee Andongwisye aliizunguka Noah mara moja, taratibu, mkono nyuma. Akaugusa mlango.

"Ni ndogo kuliko nilivyodhani," akasema.

Lwitiko akamwambia inabeba watu wanane.

"Wanane," mzee akasema. Akatikisa kichwa, wakaingia ndani kula kuku.

Prisca aliondoka na konokono kwenye ndoo. Sasa barazani kwake kuna benchi mbili, na wazee wanatoka Nkunga, Suma, mpaka Isongole, wanakaa wamelaza vichwa nyuma huku konokono wakifanya kazi. Konokono anawalisha mchicha uliochemshwa kidogo. Bibi mmoja wa Nkunga alipona vizuri, akarudi baada ya siku mbili kuuliza kama konokono anaweza kukirudisha alichokula, kwa sababu nyumbani kwake ameona mambo. Prisca akamjibu kwamba hawatapiki. Akampa chai, wakakaa.

Kwa Elina kioo kilichukua wiki tatu na nusu. Kilianza pembeni, kikajaa katikati, na siku kilipokuwa kijani chote alikishusha kitenge, akakifua. Jioni hiyo aliketi mezani, akagonga kwa kijiko. Kivuli cha kijani kikageuka upande wake.

"Samaki," mzee akasema, "muulizeni Mama Shukrani, huko kwao Isongole viazi wanavipandaje?"

Elina akavuta kiti karibu. Akaanza na mbegu, kwamba unachagua za saizi ya yai la kuku, unazitandaza gizani mpaka zitoe macho. Akaeleza matuta, akaeleza udongo wa kule ulivyo mweusi na mwepesi, na baba yake alivyokuwa anauonja kwa ulimi kabla ya kupanda. Mzee aliuliza, naye alijibu, na hakuna hata neno moja alilolazimika kulitafuta. Lwitiko akaingia anachezea funguo za gari kidoleni. Akasikia viazi, akapita chumbani.

"Na udongo mnapandishia mara ngapi?" mzee akauliza.

"Mara mbili, baba," Elina akasema, na samaki wakaacha neno lipite.